Neno Ambalo Esigani Habebi

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wasichana kwa wavulana, wekeni simu chini kidogo. Sitawabembeleza. Shule niliiacha mapema kwenda kulea wadogo zangu, kwa hiyo mkiona neno limepinda, linyoosheni wenyewe mwendelee. Nina jambo la kuwaambia, na nitalisema jinsi ninavyojua kusema, yaani moja kwa moja.

Kazi yangu ilikuwa esigani. Wengi wenu mnalisikia neno hili harusini tu, mkifikiri ni mama mzee anayepewa kiti cha mbele na soda. Esigani ni mtu wa katikati. Kijana akimpenda msichana, familia yake humtuma esigani aende kwa kina msichana kuchunguza. Ni watu wa ukoo gani? Kuna mchawi? Kuna mwizi? Kuna ugonjwa? Kisha anarudi na kusema alichokiona. Na kwa upande wa msichana anafanya vivyo hivyo. Akisema nyumba ni nzuri, ng'ombe wa mahari wanazungumzwa. Akinyamaza, hakuna harusi.

Nilifundishwa na mama mkwe wangu, mwanamke mfupi aliyetembea Gusii yote kwa miguu. Alikuwa akiniambia, "Usiende kuchunguza boma siku ya jua. Jua humpendeza kila mtu. Nenda siku ya mvua, uone paa linavuja wapi na nani anainuka kuweka sufuria." Akaniambia niombe maji ya kunywa nitazame ni nani anayeinuka kuyaleta, na kama ameyaleta akinuna. Akaniambia nisiulize habari za mtu kwa jirani yake. Niseme natafuta kuku wangu aliyepotea, watu watazungumza wenyewe. Na kweli, mkitaka kujua siri za kijiji, tafuteni kuku.

Safari yangu ya kwanza peke yangu nilifanya kituko. Nilitumwa boma fulani ng'ambo ya mto. Nikafika, nikapokewa, nikapikiwa wimbi na mboga za kienyeji, nikaoshewa miguu. Nikasifu moyoni: hapa ndipo. Nilikaa mchana kutwa nikihesabu mema yao. Jioni nikauliza, "Na huyu binti yenu Nyanchama yuko wapi?" Wakatazamana. "Nyanchama ni wa boma la pili, mama. Hapa tuna wavulana watupu." Nikaenda boma la pili, na kwa kuwa hawakujua, wakanipikia tena. Mama mkwe alicheka hadi akashika ukuta. "Leo umechunguza tumbo lako," akasema.

Hayo ni ya kucheka. Sasa acheni kucheka.

Zamani swali la ugonjwa lilikuwa swali kama mengine. Tuliuliza kama kuna kifafa, kama kuna wazimu, tukajibiwa, tukaendelea. Ukimwi ulipokuja, swali likawa kisu. Ukiuliza "kuna ugonjwa?" kila mtu anajua unauliza ugonjwa gani. Na esigani akawa mtu wa kuogopwa kama askari.

Mwenzangu mmoja katika kazi, simtaji kwa sababu ameshazikwa, alipewa neno na mjane aliyeuza ndizi mbivu soko la Daraja Mbili. Mjane huyu nitamwita Kwamboka. Kulikuwa na mwanamume wa Masimba aliyemtaka. Kwamboka akamwambia esigani, "Mimi nina virusi, nakunywa dawa, nina nguvu. Mwambie taratibu, wewe unajua maneno." Esigani hakumwambia mwanamume. Esigani hazungumzi na mwanamume, anazungumza na waliomtuma. Akamwambia dada ya mwanamume. Dada akamwambia shangazi ili apate ushauri. Neno liliondoka Daraja Mbili likiwa "anakunywa dawa", likafika Masimba likiwa "amebaki mifupa". Mwanamume mwenyewe alilisikia kwa kinyozi, kichwa kikiwa kimenyolewa upande mmoja. Aliinuka akaenda hivyo hivyo. Hakurudi kwa Kwamboka, hata kumwuliza. Na sokoni watu wakaanza kuzibonyeza ndizi zake na kuziacha. Ndizi yenye ganda! Mpaka akafunga mzigo akahamia kwa kaka yake upande wa Nyamira.

Nilimwona siku aliyoondoka. Hakulia. Aliniuliza tu, "Mama Nyaboke, kwani kinywa changu kilikuwa na ubaya gani? Mbona sikukitumia?"

Swali hilo lilikaa nami. Tangu hapo, kila aliyenituma akiuliza ugonjwa nilimwambia: wapimwe wawili, majibu ni yao. Ndilo nililokwenda nalo kwa Bosibori.

Bosibori si jina lake. Nilimwuliza kama naweza kuandika haya, akafikiri siku kadhaa, akasema, "Andika, magokoro, lakini nipe jina la msichana mrembo." Magokoro ni nyanya kwa lugha yetu. Vijiji pia nimevihamisha. Msijisumbue kuvitafuta.

Nilitumwa na mwanamke wa Nyamira aitwaye Kerubo, mkulima wa majani chai, mkali kuliko mimi. Mwanawe Mogaka, fundi wa kujenga, alikuwa amempenda msichana wa Marani anayeuza mitumba Daraja Mbili. Kerubo aliniletea jogoo mwekundu akaniambia, "Mama Nyaboke, vijana wa siku hizi wanachunguzana kwenye simu. Mimi nataka macho ya mtu. Chimba mpaka chini."

Nikachimba. Nyumbani kwao Marani hapakuwa na doa. Paa halivuji, watu wanasalimu, mama yake ni shemasi. Nikabakiza kumwona msichana mwenyewe kwenye kazi yake. Nikaenda sokoni nikajifanya natafuta sweta. Nikashika moja, nikaivuta, nikasema imechakaa. Akanitazama machoni.

"Magokoro, hiyo sweta hutaki. Wewe ndiye umetumwa kutoka Nyamira?"

Nikaona huyu si mjinga. Nikamwambia ndiyo.

Akamwomba jirani amwangalizie nguo. Akanipeleka nyuma ya kibanda, palipopangwa marobota ambayo hayajafunguliwa, akanikalisha juu ya moja. Yeye hakukaa.

"Nina virusi," akasema. "Nimeishi navyo tangu nikiwa mdogo. Mama yangu anajua, na sasa wewe. Nakunywa dawa kila siku, kipimo cha mwisho virusi havikuonekana. Mogaka hajui. Kwa hiyo nakuomba, ukamwambie."

Sisi Abagusii tuna aibu zetu, na si za mchezo. Mama hazungumzi mambo ya kitanda na mwanawe. Baba hazungumzi na binti yake. Lakini nyanya na mjukuu, hapo mlango uko wazi, wanaulizana lolote. Kwa hiyo nikamwuliza bila kuzunguka: "Mmelala pamoja?"

"Bado, magokoro. Nimemwambia mpaka harusi. Yeye anafikiri ni wokovu."

"Na si wokovu?"

"Wokovu upo," akasema, na hapo akacheka kidogo, "lakini umesaidiwa na woga."

Nikamwambia, "Sitambebea neno hilo."

Kicheko kikafa. "Lakini si ndiyo kazi yako? Kubeba maneno?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Basi libebe! Unataka nini, nikupe sweta?" Sauti yake ilipanda, akaishusha kwa kuuma mdomo. "Mimi siwezi. Nimejaribu. Nikifungua kinywa nasema habari ya mvua. Kwa mila yetu msichana hajisemi, anasemewa. Wewe ndiye mdomo wetu."

Hapo ndipo mnapokosea, nyinyi watoto wa Gusii, na kosa hili ni letu wenyewe, hakuna aliyetuletea. Tunafikiri kwa kuwa kuna mtu wa kusema habari za ng'ombe, atasema na habari za damu. Nikamwambia, "Nisikilize. Mimi sikutumwa na Mogaka. Nimetumwa na mama yake. Ukinipa mimi neno nilibebe, umempa Kerubo. Kerubo atampa dada yake. Mogaka atalisikia wa mwisho, na atalisikia likiwa limevaa nguo ambazo hukulivisha wewe. Unataka hivyo?"

Akatikisa kichwa.

"Sitasema. Lakini pia sitasema uongo. Wakiniuliza, sitaapa kwamba huna kitu. Jumapili ya wiki ijayo wanakuja Marani kuzungumza ng'ombe. Kabla ya hapo, mwambie wewe. Au usimwambie, umwachilie, useme tu humtaki. Hiyo pia ni haki yako, na sababu si lazima uitoe. Lakini kuolewa naye ukiwa umefunga mdomo, na mimi nikikaa kiti cha mbele, hapana."

"Na akinipiga? Na akinitangaza sokoni?"

Swali hilo ni la maana, vijana. Msimdharau mtu anayeogopa. Kuna wanaume wa kupiga. Nilikuwa nimemchunguza Mogaka pia: nilijua hanywi, nilijua mafundi wenzake walimsema vipi, nilijua aliwahi kumtetea mke wa kaka yake. Lakini kumjua mtu siku ya kawaida si kumjua siku hiyo. Kwa hiyo tukapanga kama watu wanaovuka mto uliojaa.

Si kwa simu, nikamwambia, maana ujumbe wa simu unasafiri bila wewe. Si nyumbani kwake wala kwenu. Si katikati ya ugomvi, ukilitupa kama jiwe. Mchana, mahali pa wazi, pawe na mtu wa kukuona lakini asikusikie. Uwe na nauli yako mkononi. Na neno lenyewe liseme mwanzoni, kabla hujaanza kulia, kwa sababu ukianza na machozi atafikiri umeua mtu. Sema: nina virusi, nakunywa dawa, daktari anasema hivi. Kisha unyamaze. Mpe nafasi aulize ya kijinga. Atauliza ya kijinga.

Tulichagua uwanja wa kanisa letu. Sisi ni Wasabato, Jumapili kanisa letu ni la ndege tu. Nje kuna mabenchi ya mbao. Mimi nikachukua kazi ya kung'oa majani kwenye maua ya ukuta wa mbali. Mkiniuliza maua yalikuwa ya rangi gani, sijui. Nadhani niling'oa na maua.

Mogaka alikuja na pikipiki, shati limepigwa pasi. Aliniona, akanisalimu kwa mbali, akadhani niko kwenye zamu ya usafi. Wakakaa. Nikamwona Bosibori ameweka mikono juu ya magoti kama mtoto shuleni. Nikaona mdomo wake ukisogea. Halikuchukua muda neno lenyewe. Baada ya kusubiri kote kule, lilikuwa fupi.

Mogaka hakusogea. Kisha akainuka. Mimi pia nikainuka, jembe dogo mkononi, na mimi si mtu wa kupigana lakini siku hiyo ningepigana. Hakumgusa. Alitembea hadi kwenye pikipiki, akaipanda, akashika usukani, na hakuiwasha. Alikaa hapo akitazama lango. Bosibori hakumfuata wala hakumwita. Hilo nilikuwa nimemwonya: usimfuate, usimwombe msamaha, hukumkosea. Niliona mgongo wake tu. Mgongo ulikuwa umenyooka, lakini kitambaa cha kichwa kilikuwa kinatetemeka, na upepo haukuwepo.

Mogaka alishuka akaja kwangu mimi.

"Magokoro, ulijua?"

"Nilijua."

"Mama yangu alikutuma, ukajua, na ukanyamaza."

"Halikuwa langu."

"Ulikula jogoo wetu!"

"Jogoo nilimla," nikamwambia. "Alikuwa mgumu. Siri ya mtu sili. Wewe umeambiwa na mwenyewe, mbele ya macho yako, kabla ya ng'ombe, kabla ya kitanda. Unajua ni wanaume wangapi wangetamani kuambiwa hivyo? Sasa rudi ukamwulize unayotaka kuuliza. Mimi nina maua."

Macho yake yalikuwa mekundu. Kisha akarudi kwenye benchi, akakaa, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yao. Wakazungumza. Kuna wakati nilimsikia akipaza sauti: "Kwa hiyo hata watoto?" Na Bosibori akajibu kwa sauti ileile, "Hata watoto, wanazaliwa wazima! Nenda ukaulize!"

Ya kijinga, niliwaambia. Lakini aliuliza, na aliyeuliza hajaondoka.

Alipoondoka hakusema ndiyo wala la. Alisema, "Nitakupigia." Siku zilizofuata hakupiga. Bosibori alikuwa anakuja kwangu jioni baada ya soko, anakaa jikoni anamenya ndizi bila kuambiwa. Ndizi za wiki nzima zilimenywa. Siwaambii alisema nini, maana hakusema. Siku moja tu aliniuliza, "Magokoro, kama angeambiwa na wewe, ingeuma kidogo?" Nikamwambia, "Ingekuuma wewe kidogo, na yeye zaidi." Sikujua kama ni kweli. Nilijua tu kwamba ndicho ninachoamini.

Siku ya Alhamisi Mogaka alikuja sokoni, akasimama katikati ya mitumba na viatu vyake vilivyojaa saruji, akamwambia, "Twende kwa huyo daktari wako." Wakaenda pamoja kituo cha afya. Naye akapimwa, hana. Muuguzi akamweleza yote aliyoelezwa benchini, kwamba mtu anayekunywa dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kitandani. Akauliza mara ya pili, akaambiwa mara ya pili. Akatoka nje, akamnunulia Bosibori chai na chapati. Ndipo nikajua.

Mnafikiri yameisha? Bado kuna Kerubo.

Alikuja kwangu Ijumaa, siku mbili kabla ya kwenda Marani. Alikataa chai. Mtu akikataa chai katika nchi ya majani chai, jueni kuna neno.

"Mama Nyaboke, umeniambia ukoo. Umeniambia paa. Umeniambia mama ni shemasi. Hujaniambia la mwisho. Kuna ugonjwa?"

Nikisema hakuna, nimeua kazi yangu. Nikisema kuna, nimemwua msichana. Nikinyamaza, kunyamaza kwa esigani kila mtu anajua maana yake.

"Hilo si swali langu tena," nikamwambia. "Wale wawili wameenda kupimwa pamoja. Majibu anayo mwanao. Mwulize."

"Mimi nimwulize Mogaka?" Alishtuka kama nimemtukana. "Unajua siwezi kumwuliza mwanangu neno kama hilo! Mimi mama yake! Aibu hiyo niiweke wapi?"

"Huwezi?"

"Siwezi!"

"Basi, Mama Mogaka, mila ndiyo imekujibu. Kama si halali kwako kuuliza kitanda chake, si halali kwako kujua kitanda chake. Anayelala ndani ndiye anayestahili kujua, na anajua. Kama anajua na bado anakuja Jumapili na wazee, wewe unataka nini zaidi?"

"Umeniambia kuna kitu."

"Nimekuambia mwanao ni mtu mzima. Nimesema hivyo kwa wote walionituma tangu siku za ndizi za Kwamboka, wazima na wagonjwa. Uliza yeyote."

Na hilo lilikuwa kweli. Ndiyo maana nawaambia: sheria ya kunyamaza iwekeni mapema, na muiweke kwa kila mtu. Ukimnyamazia mgonjwa peke yake, umemwonyesha kidole.

Jumapili Kerubo alikuja Marani. Alikaa amekunja mikono mpaka ng'ombe wakakubaliwa. Hakunisalimu. Tangu siku hiyo hakuna aliyenituma tena kutoka upande ule, na kazi yangu ikaishia hapo. Sikuilia. Bosibori na Mogaka wana nyumba yao, na hata leo Bosibori hajamwambia mama mkwe wake. Ananiambia, "Nampima kwanza, magokoro, kama wewe ulivyopima paa." Pengine atamwambia, pengine hatamwambia kamwe. Siku ni zake.

Lakini Kerubo hakuchoka. Juzi dada yake alikuja kwangu akisema anataka miche ya ndizi. Mimi nilikuwa chumbani, mguu unauma. Nikamsikia jikoni, sauti ya asali, akimwambia mke wa mwanangu, "Huyu Bosibori huwa anakuja hapa, eh? Huwa anameza vidonge mkiona?" Mke wa mwanangu hajui lolote, lakini watoto walikuwepo, na watoto wana macho. Mjukuu wangu mmoja akaanza, "Siku moja alikuja na—"

Nikakohoa mpaka sufuria zikasikia. Mgeni akakumbuka safari.

Alipoondoka nikawaita wote, mwanangu, mke wake, na watoto mpaka yule wa mwisho, wakasimama mbele yangu. Nikawaambia:

"Hapa kwangu hakuna mtu atakayesema habari ya mwili wa mtu mwingine, anayoijua wala anayoibahatisha. Akija mtu kuuliza ya Bosibori, msimfukuze na msimdanganye. Mpeni jembe. Mwonyesheni shamba la ndizi, magugu ni mengi. Akimaliza na bado ana swali, mwonyesheni la chai."